Mokeira, Mke wa Anayecheza Bila Ngoma

Kanisani walimfuta Nyangate kwa kosa la ulevi, na Nyangate hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Hata busaa ya matanga, ambayo Wasabato wengi wa Magwagwa waliinywa nyuma ya nyumba wakipangusa midomo kwa mkono wa shati, yeye aliikataa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mzee wa kanisa, Makori, alisimama mbele Sabato moja, Biblia kwapani, akasema kwamba ndugu Nyangate ameonekana na watu wengi njiani akitoka sokoni huku anapepesuka. Ameangusha debe la mafuta ya taa dukani kwa watu. Amemtukana jirani bila kuchokozwa. Waumini wanaokubali jina lake liondolewe wainue mikono. Mikono ikainuka upande wa wanaume, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Abner, mdogo wake Nyangate, mtoto wa mama yake na baba yake.

Mokeira, mke wa Nyangate, akasimama upande wa wanawake.

"Njooni mmnuse mdomo," alisema. "Mzee Makori, wewe una pua kubwa kuliko wote humu. Anza wewe."

Vijana walicheka, mama zao wakawafinya. Hakuna aliyekwenda kunusa. Nyangate alikuwa amekaa kwenye benchi, bega moja likipanda na kushuka kama la mtu anayefukuza nzi, vidole vikicheza juu ya goti, uso ukijikunja na kujikunjua bila kumwomba ruhusa. Mtu mwenye macho angeona kwamba huo si ulevi, maana mlevi hulala akaamka mzima. Lakini watu wakishaamua jambo huwa hawana haja ya macho. Walimfuta. Mokeira alimshika mumewe mkono wakatoka kabla ya wimbo wa kufunga, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisa lile. Sabato yenyewe hakuiacha. Aliishika nyumbani kwake kwa ukaidi mtupu. Hakuchuma majani chai wala hakukoka moto, ili wote wanaopita barabarani kwenda kusali waone kwamba paa lake halitoi moshi.

Watoto wa kijiji wakampa Nyangate jina: Anayecheza Bila Ngoma. Wazazi wao walijifanya kuwakemea, kisha wakalitumia jina hilo hilo wakiwa sokoni.

Nisikudanganye kwamba Mokeira alikuwa mwanamke mpole aliyeonewa. Alikuwa binti wa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, na aliolewa Magwagwa akiwa na ulimi uliokwisha kunolewa. Alijua kumtazama mtu hadi mtu asahau alichotaka kusema. Jirani akiazima jembe lake na kulirudisha na udongo, alilitupa barabarani akanunua jingine. Wengi hawakumpenda hata kabla ya mumewe kuugua, na yeye hakupoteza usingizi kwa hilo. Mtu mmoja tu ndiye aliyempenda bila kujilinda, naye ni Nyangate, ambaye zamani alikuwa mcheshi, fundi wa kuezeka nyumba, mwenye mikono iliyotulia juu ya paa kuliko ya wengine chini.

Ugonjwa haukuanzia miguuni. Ulianza na hasira ndogondogo, kisha ukaingia kitandani, na baada ya mtoto wao wa kwanza kufa kwa surua, Nyangate hakuweza tena kuwa mume kwa maana ile. Alijua kinachokuja. Siku moja mchana, wakipura wimbi wawili tu, alimwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba yangu hakufa kwa baridi ya mifupa," alisema. "Alikufa akicheza hivi. Walimficha nyuma ya ghala, wakamfunga kamba asionekane na wageni. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Abner alikuwa mdogo, hajui, au anajifanya hajui."

Mokeira aliendelea kupura, lakini masikio yote yalikuwa kwake.

"Tafuta mtoto," Nyangate alisema. "Ng'ombe nilitoa, mtoto atakuwa wangu. Ila usimtafute kwa Abner. Usimtafute kwa mtu yeyote wa damu yetu."

Hayo si mambo ya ajabu kwa Wakisii wa enzi zile. Mume akifa au akishindwa, mkewe anazaa, na mtoto anakuwa wa yule aliyetoa ng'ombe wa mahari. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Kulisema jambo hilo mbele ya mtoto ni kumvua nguo hadharani, na mwenye kulisema hupoteza heshima kuliko aliyezaa. Ila desturi inataka mwanamke amchukue ndugu wa mume. Abner aliijua desturi hiyo vizuri sana. Alifika jioni moja, amepaka mafuta, akaketi kwenye kigoda cha kaka yake kama aliyealikwa, akamwambia Mokeira kwamba amekuja kuisimamisha nyumba. Mokeira alikuwa anakoroga uji. Alichota upawa mzima akammwagia mapajani.

Abner alitembea miguu wazi siku kadhaa, akawaambia watu ameumizwa na ng'ombe. Lakini hasira ile ilikaa ndani yake ikajenga nyumba.

Mtoto alizaliwa, mvulana, wakamwita Alfayo. Baba wa damu alikuwa mtu wa kupita, fundi wa madaraja kutoka mbali aliyefanya kazi katika barabara ya Magwagwa kisha akahama na kambi yake. Hakurudi na hakutafutwa. Nyangate alimshika mtoto kwa mikono ambayo tayari ilikuwa imeanza kumtoroka, Mokeira akiweka mikono yake chini, asije akaanguka. Naye Alfayo alikua akimpenda baba yake kuliko kitu chochote. Alijifunza kumlisha mapema, kijiko kikisubiri kichwa kitulie kidogo ndipo kiingie. Watoto wakiimba lile jina, Alfayo alikwenda kuwapiga, hata waliomzidi kimo, akarudi na damu puani. Mama yake alimpangusa na kumfundisha kupiga vizuri zaidi.

Miaka ikaenda. Wapimaji wa ardhi walikuja na minyororo yao, mipaka ikachorwa, na shamba la chai la Nyangate, lililoteremka mpaka kijitoni, likawa kitu cha kuandikwa jina. Hapo ndipo Abner alipoamua kwamba shemeji yake ni mchawi.

Alianza taratibu. Ng'ombe wake alipokufa alisema ng'ombe huyo alikuwa amepita uani kwa Mokeira. Mkewe alipoharibu mimba, alisema Mokeira alikuwa amemsalimia asubuhi. Kisha akalileta lile kubwa: kaka yangu alikuwa mzima, fundi wa nyumba, mpaka alipomwoa huyu mwanamke wa Kiogoro. Mnaona alivyomfanya? Amemfunga miguu kwa dawa, anamchezesha atakavyo.

Sijui kama unaelewa uzito wa neno hilo kule kwetu. Mtu akishaitwa omorogi, mchawi, hakuna analolifanya likawa jema. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai wanawake walivuta vikapu vyao visigusane na cha Mokeira. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa khanga alipopita. Mawe yalirushwa juu ya paa lake mchana kweupe, na waliorusha hawakukimbia. Alfayo alikuwa ameshakuwa kijana wa kwenda sekondari, lakini aliacha shule akabaki kulinda nyumba. Mokeira alikuwa anamtazama mwanawe ameketi mlangoni na panga magotini, moyo ukimwuma, na uchungu huo ukageuka chuki kwa Abner, chuki safi isiyochanganywa na kitu.

Katika hali hiyo ndipo daktari kutoka Nairobi alipoingia. Aliitwa Mwakio, Mtaita, mtu mwembamba wa kuzungumza polepole. Alikuja na gari na sanduku la barafu mpaka zahanati ya karibu, akasema anatafuta familia zenye ugonjwa wa kutetemeka na kucheza unaotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Anahitaji damu. Habari zikaenea kabla hajateremsha sanduku: ni mumiani, wananyonya damu wakauze. Watu waliingiza watoto ndani wakafunga milango.

Mokeira alikwenda kwa miguu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ndizi, lakini hakuona haya nacho.

"Wewe daktari, hii ugonjwa inaweza kuwekwa na mtu? Kwa dawa ya kienyeji?"

"Hapana, mama. Unazaliwa nao."

"Unatoka kwa mama ama kwa baba?"

"Kwa yeyote aliye nao. Kama ni baba, unatoka kwa baba. Na baba yake baba. Mke hawezi kumpa mume."

Mokeira alitafuta kiti, akakaa bila kuambiwa.

"Hiyo maneno," alisema, "unaweza kuonyesha kwa damu? Watu waone?"

Daktari Mwakio alimweleza, akitafuta maneno mepesi. Ugonjwa unakaa ubongoni, lakini ubongo wa mtu aliye hai hauwezi kufunguliwa. Kwa hiyo wanatazama damu. Katika damu kuna chembe nyekundu, nyingi mno, na ndani ya kila chembe kuna vimeng'enya, vitu vidogo visivyoonekana ambavyo ndivyo vibarua wa mwili. Kimoja kazi yake ni kusukuma chumvi itoke nje ya chembe. Yeye na wenzake wanadhani kwamba kwa wagonjwa wa namna hii kibarua huyo anafanya kazi tofauti na kwa watu wengine. Wanataka kupima wagonjwa, na ndugu zao, na watoto wao, waone.

"Lakini nakuambia ukweli, mama. Tunadhani tu. Bado hatujajua."

Mokeira alisikia sehemu ya kwanza, ile ya pili akaiacha ipite. Alitaka kitu kimoja duniani: Abner na kijiji kizima waambiwe na mtu wa vyombo vya kioo kwamba ugonjwa huu ni wa damu yao, si wa mikono yake. Alfayo akae kwenye shamba la baba yake bila panga magotini.

Nyangate akatolewa damu, Alfayo akimshikilia mkono kwa nguvu zote sindano isivunjike. Alfayo naye akatolewa. Ikabaki ya Abner, naye alikuwa ameapa kwamba hataki. Mokeira alimfuata kwenye baraza la chifu msaidizi, mbele ya watu wote, akamwambia, "Abner, wewe unasema nimemroga kaka yako. Damu yako ni ile ile ya kaka yako, ila haijarogwa. Si ndiyo ushahidi wako huo? Wapelekee waifananishe. Au unaogopa nini?"

Abner aliona watu wanamtazama. Akakunja mkono wa shati kwa mbwembwe, akasema atatoa damu ndoo nzima ikihitajika, na ikirudi safi huyo mwanamke afungashe virago. Watu wakapiga makofi. Ndivyo alivyokwenda zahanati, na nusu ya soko nyuma yake.

Daktari aliondoka na sanduku lake. Mvua ndefu zilikuja zikaisha ndipo aliporudi.

Alimwita kila mtu peke yake. Abner aliingia kwanza, amevaa koti. Alipotoka hakuaga. Alipita katikati ya watu kama hawaoni, akasahau kofia yake ndani, na mtu alipomkimbilia nayo aliichukua bila kusema asante. Baada ya hapo alitangaza sokoni kwamba ameambiwa yuko sawa kabisa. Mokeira aliyasikia hayo akacheka kwa sauti, maana alikuwa ameketi mlangoni pa zahanati na alimwona uso alipotoka.

Mokeira alipoingia, daktari alimwambia, "Cha shemeji yako siwezi kukuambia, ni chake. Kwa mume wako tumeona mabadiliko tuliyoyategemea. Kwa kijana wako hatukuyaona. Kimeng'enya chake kinafanya kazi kama cha kwangu mimi. Katika ugonjwa huu, mtoto mmoja huchukua na mwingine huponea. Labda yeye ni mwenye bahati."

"Labda?"

"Labda, mama. Hiki kipimo si cha kuapia. Ningekuwa muongo nikisema hatatetemeka kamwe. Mpaka afike umri wa baba yake alipoanza, hakuna mtu anaweza kuapa."

Mokeira alikuwa na uwezo wa kuapa papo hapo. Alimtazama daktari yule msomi na vyombo vyake vyote, akafumba mdomo. Siri ile haikuwa ya kumpa mgeni.

Wiki hiyo hiyo wazee wa ukoo waliitwa kwa Abner. Mzee Makori, yule yule wa kanisani, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Walikaa uani mchana, majirani wakijipanga kando ya ua. Alfayo alimleta baba yake kwa kumbeba mgongoni, maana miguu ilikuwa imekwisha, akamkalisha kitini na kusimama nyuma akimshikilia mabega asiteleze.

Mokeira alikuja amejiandaa kwa vita ya uchawi. Lakini Abner hakuwa mjinga, na alikuwa amepata muda wa kufikiri. Alisimama, akasafisha koo, na sauti yake ilikuwa ya huruma.

"Wazee, nilimkosea mke wa kaka yangu. Niliita uchawi jambo ambalo daktari amesema ni ugonjwa wa kuzaliwa. Nasema mbele yenu, nilikosa."

Minong'ono ikapita. Mokeira alimjua Abner, hakuwahi kutoa kitu bure.

"Sasa basi," Abner akaendelea, "daktari huyo huyo amesema baba humpa mtoto. Huyu kijana ni mtoto wa Nyangate. Kesho kutwa naye atacheza. Mnataka shamba liandikwe jina la mtu ambaye hataweza kushika kalamu? Atauza chai kwa walaghai akiwa hajui anachofanya. Ataoa mtoto wa watu, amzalishe watoto wa kucheza. Mimi ni baba yake mdogo. Liandikwe jina langu, nilishike, na yeye na mama yake wakae kwenye kile kibanda cha chini, nitawalisha. Akifika umri ule akiwa mzima, nitamrudishia."

Wazee walitikisa vichwa. Ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili, na ilimwokoa kila mmoja na aibu ya mawe yaliyorushwa.

"Daktari amesema damu ya mwanangu ni safi," alisema Mokeira.

"Amesema labda," Abner alimjibu upesi. "Nilimwuliza. Kipimo si cha kuapia, amesema hivyo kwa kinywa chake. Au nimedanganya?"

"Wewe je, ulipimwa ukaambiwaje? Waambie wazee."

Kidole gumba cha Abner kilikuwa kinasugua mshono wa suruali, juu na chini, juu na chini. Lakini Mzee Makori aliinua mkono akasema leo hatuzungumzi ya Abner, tunazungumza ya shamba la Nyangate. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, nao wakainamisha vichwa. Mokeira aliona linavyokwenda. Ilikuwa mikono ileile ya kanisani, inataka kuinuka tena.

Basi maji yakamfika shingoni. Alimtazama Alfayo, naye Alfayo alikuwa hamtazami, ameinama anampangusa baba yake mate kwa kitambaa. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Wangekwenda kwenye kibanda cha chini, wangekula makombo ya Abner, na mwanawe angebaki na baba. Aliliona hilo waziwazi, na pia aliuona uso wa Abner, ule uso wa huruma, na hasira ya miaka yote ikamtangulia kufungua mdomo.

"Hatacheza," alisema. "Hawezi kucheza. Hana tone la damu yenu."

Majirani walisogea karibu na ua, naye akaendelea.

"Nyangate alinituma mwenyewe, akanikataza mtu yeyote wa kwenu. Mnajua wote. Huyu mtoto baba yake alikuwa mjenga madaraja, akaenda zake. Damu yenu iliyooza haikumgusa. Na ng'ombe za Nyangate zililala kwetu Kiogoro, hazikurudishwa. Mzee Makori, niambie: mtoto ni wa damu au ni wa ng'ombe?"

Mzee Makori alikuwa mtu wa kanisa, lakini kwanza alikuwa Mkisii. Kulikana neno hilo kungekuwa kubomoa nyumba za watu wengi waliokuwa wamesimama kwenye ua ule, pengine na yake.

"Mtoto ni wa ng'ombe," alisema. "Ni wa Nyangate. Shamba ni lake. Na kama damu haimo, ugonjwa tunaoukimbia haupo. Mwanamke amemaliza maneno."

Abner alikaa chini kama aliyesukumwa. Watu walianza kumtazama yeye sasa, kwa namna mpya, wakipima mikono yake na miguu yake. Mokeira alisikia utamu wa ushindi mwili mzima. Uliendelea kwa muda aliochukua kugeuka nyuma.

Alfayo alikuwa ameacha kupangusa. Kitambaa kilikuwa mkononi. Nyangate alikuwa anajaribu kusema kitu. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufungika, na sauti iliyotoka haikuwa neno la kueleweka na mtu yeyote ila mkewe na Alfayo. Aliuinua mkono kumtafuta kijana wake, na mkono ukaruka jinsi ulivyozoea, ukampiga Alfayo usoni mbele ya watu wote. Alfayo aliukamata mkono ule, akaurudisha mapajani polepole.

"Tata, twende nyumbani," alimwambia baba yake.

Akamwinamia, akambeba mgongoni, akapita katikati ya wazee na majirani. Alipomfikia mama yake alisimama kidogo.

"Nani alikuuliza?" alisema. "Mimi nilikuwa tayari kutetemeka."

Hakusema naye tena. Waliishi nyumba moja, wakapishana mlangoni. Mokeira alijaribu kwa ukali, kisha kwa chakula, kisha siku moja kwa kulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu tangu surua ile. Kijana alikula alichopewa na akaenda kumlisha baba yake. Nyangate alifariki mwaka uliofuata, amekonda, lakini bila hata kidonda kimoja mgongoni, maana Alfayo alimgeuza na kumwosha kila siku. Alfayo alichimba kaburi na vijana wa ukoo, akanyolewa nywele kama mtoto wa marehemu, na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Matanga yalipoisha alichukua sanduku lake la shule, akaondoka.

Hati ya shamba ilitoka ikiwa na jina lake. Kufikia wakati huo Abner alikuwa ameanza kuangusha vikombe, na watoto walikuwa wanamwimbia. Mokeira aliwasikia kutoka shambani, akaendelea kuchuma chai. Hakumhurumia na hakujifanya kumhurumia.

Alisikia kwamba Alfayo anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai huko Itumbe. Akaifunga hati ndani ya kitambaa, akavaa nguo yake ya Sabato, akasafiri. Alifika wakati vibarua wanabadilishana zamu. Alimwona kwa mbali kabla hajaonekana, amenenepa kidogo, vumbi la majani chai kwenye nyusi, amesimama langoni akiangalia mikono yake ambayo ilikuwa imetulia. Mokeira akamwita kwa Kigusii, kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mdogo.

Alfayo aligeuka. Alimtazama kwa adabu, kama wafanyavyo watu wa langoni. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwahi kuzungumzwa nyumbani kwao, lugha ya daktari na ya wapimaji na ya watu wote watokao mbali.

"Habari yako, mama. Unamtafuta nani?"